Jini wa Mtaa wa Wafua Shaba

Alikuwako Sultani Nuumani bin Harithi, mtawala wa mji wa Zahrani, na furaha yake ilikuwa kusikia wafua shaba wakigonga tangu alfajiri hadi usiku, akisema kelele ni dalili ya neema. Miongoni mwao alikuwamo Saburi, bwana mpole aliyegonga masufuria hata masikio yakaanza kufa, naye alimpenda jirani yake Bi Zuwena, mjane, mapenzi ya kukosesha usingizi.

Siku moja akaenda kumposa. Na mwari akinyamaza huhesabiwa amekubali, lakini mjane sharti atamke. Zuwena akajibu kwa sauti ya haya, nyundo za mtaa mzima zikaimeza, na Saburi, maskini wa Mungu, akaona amenyamaziwa, akaaga akaenda zake. Zuwena akabaki na uchungu, akidhani amechezewa.

Saburi akarudi karakanani, akaligonga birika kuukuu kwa majonzi, mara akatoka jini, amejifunga kitambaa kichwani.

"Bwana wangu," akasema, "hili ndilo kasri langu, na kichwa kinanipasuka. Omba utakalo, ila weka nyundo chini."

"Nirudishie masikio yangu."

"Hilo siliwezi. Sikio lililouawa na kelele halifufuki. Langu ni kunusuru lililobaki."

"Basi unyamazishe mji kitambo, nikamuulize tena."

Jini akavuta pumzi, na kelele zote zikaingia birikani. Kule kasrini, mwana mchanga wa Sultani, aliyekuwa akishtuka na kulia mchana kutwa, akalala fofofo, na Sultani akatambua kuwa ugonjwa uliowashinda waganga ulikuwa nje ya dirisha.

Saburi akabisha hodi.

"Nilikwisha kukujibu, bwana," Zuwena akasema. "Mbona uliondoka?"

"Wallahi sikusikia."

"Basi sogea." Akamwambia sikioni, "Nimekubali."

Sultani akaamuru karakana zihamishiwe nje ya ukuta, nyuma ya minazi, na wafuaji wazibe masikio kwa pamba na nta, na ngoma zikome baada ya isha. Na habari ya Saburi na jini ilipomfikia, Saburi akafanywa mkuu wa wafua shaba, akapewa mali na nyumba, wakaoana. Basi jueni, neema ya mji ni watu wake kusikilizana.

Saburi hakupona masikio. Zuwena humsemeza sikioni hata akiagiza chumvi, na majirani wanawaonea wivu.