Bi Mwanatumu Pono na Puju Mwenye Pembe

Enyi mlioketi, mpo?

— Tupo!

Na masikio yenu yapo?

— Yapo, yanangoja!

Hapo kale, kale sana, samaki walipokuwa wakisema na kusikika, paliishi pono dume kwenye mwamba wenye matumbawe mengi. Rangi yake kijani na buluu kama kanga mpya, mdomo wake mgumu kama wa kasuku. Alikuwa na wake watano. Wao hawakuwa na rangi ya kujivunia, kahawia tu. Mke mkubwa aliitwa Mwanatumu.

Kazi yao ilikuwa moja. Kutwa walikwangua mwani kwenye mawe, kwaru, kwaru, kwaru! Jiwe lililoingia kinywani lilisagwa kooni, likatokea nyuma likiwa mchanga mweupe. Ndiyo, huo huo mnaouchezea. Usicheke, wewe!

Siku moja yule dume akaingia kwenye dema la wavuvi. Hakurudi.

Bamvu la kwanza likafika, yale maji makuu ya mwezi, bahari ikajaa tele. Akaja Puju, samaki mwenye pembe kwenye paji la uso.

"Mwenye mwamba yuko wapi?"

"Amenaswa," akajibu Mwanatumu.

"Basi bamvu lijalo naleta jamaa zangu. Nyinyi majike tafuteni pa kwenda."

Wake wadogo wakalia. Waende wapi? Nje ya mwamba ule hapakuwa na mwani wala pa kujificha, palikuwa na chewa wenye vinywa vipana.

Jirani yao Pweza alikuwa shimoni mwake, amesikia yote. Alipenda sana kujua mambo ya watu.

"Bi Mwanatumu," akasema, "nikufundishe kubadili rangi, umtishe. Tazama!"

Akawa mwekundu. Akawa mweusi. Akawa kama jiwe. Mwanatumu akajaribu, akakaza mwili hadi macho yakamtoka. Wapi!

"Siwezi, jirani."

Lakini tangu siku ile hakutulia. Alizunguka mwamba mzima mbele ya wenzake, akimfukuza kila aliyekuja kudokoa. Mwili ulimwasha, asijue kwa nini.

Bamvu la pili, Puju akaja na wenzake wawili. Akamwona Mwanatumu ana mstari wa buluu mdomoni na kijani mgongoni. Akasita. Kisha akacheka.

"Rangi ya Pweza hiyo! Amekupaka. Itachujuka tu, nitarudi bamvu la tatu."

Pweza akatoa kichwa. "Wallahi sijamgusa!"

Puju alipoondoka, Pweza akamsogelea jirani yake. Akasugua kwa mkono mmoja, akasugua kwa wa pili, akasugua kwa wa tatu. Rangi haikutoka.

"Umeitoa wapi hii? Yangu haidumu."

"Sijui. Kila nikiamka naikuta imeongezeka."

"Inauma?"

"Haiumi. Lakini naogopa, sijui itaishia wapi."

"Na ndani humo, unajisikia nani?"

Mwanatumu akafikiri. "Najisikia mimi."

Pweza akakosa hata hamu ya kula. Kila asubuhi alikuja kutazama, na kila asubuhi alikuta gamba jingine limegeuka.

Bamvu la tatu, Puju akaja na ukoo mzima. Akakuta dume la pono, kijani na buluu, kubwa kuliko lile la kwanza.

"Wewe nani?"

"Mimi Mwanatumu."

"Mwanatumu ni jike!"

"Alikuwa jike. Sasa ni dume, na mwamba huu una mwenyewe."

Akafungua mdomo, kwaru! Akang'ata jiwe karibu na shavu la Puju, likapasuka vipande. Puju akalitazama jiwe. Akawatazama jamaa zake. Akageuka akaenda, na ukoo wote nyuma yake.

Mke mdogo akasogea taratibu. "Dada, sasa tukuite nani?"

"Niiteni Mwanatumu. Twendeni tukale, mwani umerefuka tulipokuwa tukihofu."

Basi wasikilizaji, aliyefiwa msidhani amekwisha. Msimpime kwa alivyokuwa jana, huenda leo yumo katika kugeuka, hata mwenyewe hajajua atakuwa nani.

Ngano yangu imefika ufukweni. Aliyeipenda aende nayo kwao. Asiyeipenda aniachie hapa hapa, nitamsimulia mwingine.