Jiwe Lililosuguliwa

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na tangi la samaki. Laiti kaka mtu angeendelea kulala usingizi wake kama kawaida, nisingekuwa na la kuwaambia leo.

Kaka aliitwa Mbwana, fundi cherehani. Mdogo aliitwa Nuhu, kinyozi, na kibanda chake kilitazamana na cha kaka yake, barabara ikipita katikati. Baba yao alikuwa mzee mjane, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye kiti karibu na cherehani ya Mbwana, kimya, mpaka magharibi. Mbwana aliiona hiyo kuwa ndiyo heshima yake duniani.

Basi Nuhu akaweka tangi la kioo kibandani kwake, la maji ya bahari, samaki wa rangi wakizunguka ndani. Mzee akavuka barabara kwenda kutazama. Siku ile Mbwana alisikia kicheko cha baba yake, ambacho hakuwa amekisikia tangu mama yao azikwe, nacho kilitoka ng'ambo. Kesho yake mzee alipita moja kwa moja kwenda kwa Nuhu.

Mtu mwema angefurahi kwamba baba amecheka. Mbwana aliumia. Wivu ulimshika, akikata kitambaa kinakwenda upande, na kila mteja aliyesifu wale samaki alimwona kama amemtukana. Akajiambia kwamba ataweka tangi lake, kubwa kuliko lile, na baba atarudi.

Nuhu aliposikia, alifurahi kwelikweli. Akaja na ndoo ya maji aliyoyachota tangini mwake, na ndani ya ndoo jiwe la bahari lenye vijishimo na utando wa kijani, linanuka pwani. Akamweleza kaka yake kwa adabu kwamba aliweke jiwe hilo pamoja na maji mapya, kisha aliache tangi likae wiki kadhaa bila samaki, hata kama watu watamcheka. Maana samaki akila hutoa kinyesi, na kinyesi kile hugeuka sumu. Na katika utando na vijishimo vya jiwe kama lile wamo viumbe wasioonekana kwa macho, ambao sumu hiyo ndiyo chakula chao. Wakishaongezeka, samaki huishi.

Mbwana aliitikia kwa kichwa, lakini alisikia mengine kabisa. Alisikia kwamba anapewa makombo. Alisikia kwamba anaambiwa asubiri ili baba azidi kukaa ng'ambo. Nuhu alipogeuka tu, akayamwaga yale maji mtaroni. Jiwe alilipenda umbo, ila aliliona chafu. Akalichemsha, akalisugua kwa brashi ya waya na sabuni ya unga, akalisuuza mpaka likawa jeupe kama mfupa. Akalitia tangini, akatia na samaki siku ile ile, akamtuma mkewe Mwanaidi akamwite baba.

Mzee akaja, akaketi. Maji yalikuwa maangavu kuliko ya Nuhu, nani atabisha? Mzee akacheka, na badala ya kumtazama baba yake, Mbwana akatazama ng'ambo kuhakikisha kwamba Nuhu amesikia.

Haikuchukua siku nyingi. Samaki mmoja alianza kupanda juu kuhema, akafa. Wengine wakafuata, na mzee yupo palepale anaangalia, kicheko kimemwisha usoni. Mbwana alipomtoa wa mwisho, alivuka barabara na yule samaki mfu mkononi, baba yake akimfuata polepole kwa mkongojo. Akapaza sauti mbele ya wateja kwamba mdogo wake amempa jiwe lenye sumu.

Nuhu aliweka mkasi chini, akauliza jiwe lilitiwaje tangini. Mbwana, kwa hasira, akajisifu kwamba alilichemsha na kulisugua mpaka likatakata, maana yeye si mtu wa kuishi na uchafu wa watu.

"Kaka," Nuhu akasema, "uchafu ule ndio niliokuletea. Jiwe lilikuwa la kuubebea tu."

Mbwana akatazama tangi la mdogo wake, akaona pengo katikati ya mawe, pale lilipong'olewa moja, na lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote. Mzee naye aliona. Hakukaa kwa Nuhu siku ile, wala kwa Mbwana. Alikwenda zake nyumbani, akafunga mlango, na wanawe wote wawili wakabaki wanatazamana barabarani bila baba.

Nami nawauliza ninyi mlioketi hapa: ni nani kati yenu aliyepewa kitu na ndugu yake kwa mapenzi, akakisugua mpaka kikafa, kwa sababu tu hakuupenda mkono uliokileta?