Kompyuta Iliyochelewa Kuamka

Isome taratibu, halafu mtumie yule unayemjua kwa papara zake.

Katika hospitali moja ya wilaya, huko nyanda za juu penye ukungu na baridi, alikuwepo mama mmoja aliyeitwa Tumpale. Kazi yake ilikuwa kutunza damu. Friji ikipungukiwa, yeye ndiye aliyewatafuta wachangiaji kwa simu, na majina yao yote yalikuwa ndani ya kompyuta ya mezani.

Kompyuta hiyo ilikuwa na ugonjwa. Ikiachwa kidogo bila kuguswa, inalala. Na ikishalala, kuiamsha ni kazi. Unabonyeza, kitaa kidogo kinawaka, lakini kioo kinabaki cheusi tii.

Tumpale hakukiweza kioo cheusi. Mwaka uliotangulia mgonjwa alifia mikononi mwa madaktari huku yeye bado anahangaika kumpata mchangiaji. Hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu hapo, kioo kikikawia tu, moyo unampaa. Basi hukishika kitufe cha kuwashia, akakikandamiza mpaka mashine izimike kabisa, kisha akaiwasha upya.

"Hii kompyuta kila siku afadhali ya jana," alimlalamikia Lusajo, fundi wa hospitali.

Lusajo alibadilisha nyaya. Akaongeza memori. Akaifungua na kupuliza vumbi. Angeizuia isilale kabisa, lakini hospitali ilitegemea umeme wa jua, na wakubwa hawakutaka mashine ikeshe bure.

"Mama, nikiijaribu kwangu inakawia kidogo tu, halafu inaamka."

"Basi inanichukia mimi," akajibu Tumpale, na hakuwa akitania.

Adhuhuri moja simu ililia kutoka wodi ya wazazi.

"Mama Tumpale, tuna mzazi anavuja damu. Ni O hasi. Unayo?"

Alifungua friji. Hakukuwa na hata chupa moja ya kundi hilo. Akakimbilia mezani, akabonyeza. Kitaa kikawaka. Kioo, giza.

"Si leo," alinong'ona. "Tafadhali, si leo."

Kidole kilikuwa njiani kwenda kwenye kitufe cha kuwashia pale mlango uliposukumwa. Aliingia mwanamume mwenye matope hadi magotini. Ndiye mume wa yule mzazi. Aliidaka mikono yote miwili ya Tumpale, akapiga magoti.

"Dada yangu, wameniambia damu iko kwako. Usiniache. Nina yeye tu."

"Niachie, baba! Niachie ndipo nikusaidie!"

Hakusikia. Aliegemeza paji la uso kwenye mikono ile, akalia kama mtoto. Tumpale alivuta, akashindwa. Akabaki amekitazama kioo juu ya bega la mgeni, akihesabu ndani ya moyo wake kifo cha pili.

Mara kioo kikapata mwanga.

Hakuna aliyekigusa. Majina ya wachangiaji yakajipanga mbele yake.

"Baba, tazama! Niachie nipige simu!"

Mchangiaji wa kwanza hakupatikana. Wa pili, mama mmoja mshona nguo wa sokoni, alisema neno moja tu: "Nakuja." Alifika utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Jioni ile mzazi alifumbua macho, akauliza mtoto wake yuko wapi.

Kesho yake Lusajo aliposimuliwa, aliuliza:

"Kwa hiyo hukuizima?"

"Ningeizimaje? Nilikuwa nimeshikwa mikono."

"Na siku nyingine zote?"

"Siku nyingine naizima, naiwasha upya. Si ndiyo dawa yake?"

Lusajo akashusha pumzi. "Mama, huo ndio ugonjwa wenyewe. Ukiikata katikati ya kuamka, mafaili yake yanaharibika. Ikiwaka inaanza kujikagua upya, kama mtu aliyeanguka anayejipapasa asije akawa amevunjika. Uzito wake wa mwanzo ulikuwa mdogo tu. Huo mwingine tumeuongeza sisi. Nami nilikosea, nilikagua mashine, sikukuuliza wewe unafanyaje."

Tumpale aliitazama mikono yake.

Lusajo aliyatengeneza mafaili, na kompyuta ikapata nafuu, ingawa si ya kuruka kama mpya. Hofu nayo haijamtoka Tumpale. Kioo kikiwa cheusi bado moyo unampaa. Ila sasa hukunja mikono kifuani, akaisubiri iamke.

Funzo: Si kila kinachokawia kimekufa, vingine tunaviua wenyewe kwa kuogopa kwamba vinakufa.