Msitu wa Kuchomea Matofali ya Kanisa

Wapendwa, kabla hatujafungua Neno, nisikilizeni kidogo.

Kulikuwa na usharika mmoja milimani, watu wema kabisa, waliokuwa wakisali katika darasa la kuazima. Wakaamua kujenga kanisa lao. Udongo wa matofali ulikuwepo, lakini tofali bichi linataka moto, na moto unataka kuni. Juu ya kiwanja chao, ubavuni mwa mlima, ulisimama msitu wa tangu enzi za mababu. Kamati ya ujenzi ikakaa, ikapiga kura: msitu ukatwe.

Mjane mmoja mwenye shamba huko juu akasimama kikaoni. "Mwenyekiti, miti hii ndiyo imeshika mteremko. Mkiimaliza, mlima utashikwa na nini?"

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwa upole, "Mama, tunamjengea Mungu. Unadhani atashindwa kushika mlima kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe?"

Watu wakasema amina. Ninyi mngesema nini? Hata shoka la kwanza lilitanguliwa na sala. Matanuri yakawaka, kanisa likapanda, zuri, na nyuma yake, upande wa mlima, chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Yule mjane akawa anasalimiwa kwa mbali.

Mwaka wa pili masika yalikuja vibaya. Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Jumapili asubuhi mjane akaenda kuchota maji, akakuta chemchemi inatoa tope jekundu. Alipogeuka kurudi, mguu ukazama mpaka gotini. Ardhi ilikuwa imepasuka, ufa umekatiza shamba lote. Na pale pale alipokuwa akiutazama, ufa ulikuwa unapanuka.

Aliteremka mbio. Akaanguka, akainuka. Mlangoni mwa kanisa akamkuta mwenyekiti mwenyewe.

"Watoe watu! Mlima unakuja!"

"Mama, tafadhali. Ibada inaendelea."

"Ardhi imepasuka, baba! Tazama mguu wangu!"

Akautazama. Tope mpaka gotini. Lakini siku ile nani hakuwa na tope? Akasema taratibu, "Ugomvi wa miti ulikwisha, mama. Usituharibie siku ya Bwana." Kisha akageuka, akaiashiria kwaya ipandishe sauti. Mkewe alikuwa akiimba safu ya mbele.

Ungekuwa wewe, ungebishana naye? Mama yule hakubishana. Alizunguka nyuma, akafungua chumba cha watoto. "Shikaneni mikono, twendeni." Mwalimu wao alipouona uso wake hakuuliza kitu. Alimbeba aliye mdogo kuliko wote, akafuata. Wakatoka mvuani, wakavuka barabara, wakaanza kupanda kilima cha upande wa pili.

Wazazi wakawaona dirishani. "Amechukua watoto! Yule mwendawazimu amechukua watoto wetu!" Walitoka mbio wakimtukana, wengine viatu mkononi, mmoja na fimbo. Mwenyekiti na waumini wengine wakawafuata. Kwaya ikabaki ikiimba, maana ndivyo ilivyoambiwa.

Walimfikia kule kilimani. Fimbo ilikuwa imeshainuliwa waliposikia nyuma yao ngurumo, kama malori mengi yanateremka kwa pamoja. Wakageuka. Hapakuwa na kanisa. Palikuwa na tope, nalo lilikuwa linatembea.

Wanakwaya walikuwa kumi na mmoja. Watu walifukua kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Wawili wakatolewa hai. Mke wa mwenyekiti hakuwa mmoja wao.

Na tope halikuishia pale. Liliingia mtoni, likashuka mpaka tambarare, likafukia mpunga wa watu ambao hawajawahi kuuona mlima ule, wala hawakuulizwa siku ya kura.

Mwenyekiti alipiga magoti, akalia, "Mungu wangu, mbona hukuushika?"

Mjane akakaa chini kando yake. Hakumlaumu. Alisema tu, "Alikuwa ameushika, baba. Kwa mizizi."

Mnamchukia mwenyekiti? Msimchukie, wapendwa, maana ni sisi. Kote duniani misitu inaanguka, na kila anayeikata ana sababu nzuri: huyu shamba, yule mbao, mwingine barabara. Hakuna anayeshika shoka akiwa na nia ya kuua. Lakini mvua inapotea kwa mtu wa mbali tusiyemjua hata jina, na kwa mwingine inakuja yote kwa siku moja, inambeba na nyumba yake. Kisha tunafunga na kuomba. Tunaomba nini, kama alichotupa Mungu tumeshakichoma?

Mnajua kamati yetu imeomba kukata miti ya pale kwenye chanzo cha maji, tuchomee matofali, tuache kusali chini ya turubai hili. Msichokijua ni kwamba barua ya ombi hilo niliisaini mimi, mchungaji wenu, Alhamisi iliyopita. Niliisaini kwa furaha, na nikaiombea. Hii hapa.

Nimeichana. Mmeona wote.

Mwenyekiti wa kamati, nakuona pale mbele, na najua umekasirika. Simama, useme mbele ya watu wote. Kama tuna la kubishana, ndugu yangu, tubishane leo, miti ikiwa bado imesimama.