Mama Aliyeogopa Kumwomba Mjumbe

Mama zangu na dada zangu, mwenyekiti wetu amenipa neno la leo na mimi nina mtoto mgongoni, kwa hiyo nitasema harakaharaka, mnivumilie. Nina mfano mmoja tu.

Mfikirieni mama mmoja kijana, mtoto wake wa kwanza, kazaliwa kabla ya wakati, kadogo mno, kila anayeingia kumwona anatazama, anatoka, hasemi kitu. Mnaujua ule ukimya. Na huyu mama hapati usingizi, mkono uko kifuani kwa mtoto, anasikiliza kama kinapanda, kama kinashuka. Basi mtoto akapona! Akanenepa, akaota meno, akaanza kutambaa na kula mchanga kama watoto wa watu wote. Mama akasema, hili siwezi kunyamaza nalo, nitafanya shukrani, nitafunga turubai, nitaweka jukwaa, kwaya ya watoto ipande iimbe, mtaa mzima uje ule pilau.

Mtaani kwake, ukitaka kufunga turubai unaanza kwa mjumbe. Ndiyo utaratibu. Mjumbe anatembea na wewe, anakuonyesha nguzo zikae wapi, hapa gari la maji linapita, pale kuna mgonjwa, spika zigeuzwe, akimaliza anakuruhusu. Jambo dogo tu. Na huyu mama hakwenda.

Kwa nini? Kwa sababu mjumbe alifiwa na mume, na yeye hakuonekana msibani. Alikuwa ndani na kichanga, arobaini haijatimia, na kwao mzazi haendi msibani. Sawa, hilo lina sababu. Lakini arobaini ikatimia, na hata pole hakwenda kutoa. Akasema nitakwenda kesho. Kesho akaona aibu kwa kuwa jana hakwenda. Mnaijua hiyo? Pole ikikaa ndani inazidi kuwa nzito, mpaka ukimwona mwenzako anakuja unageuza njia, unaingia dukani kununua kiberiti, na kiberiti nyumbani unacho.

Akawa anajisemea, nikimwendea ataniuliza, leo ndiyo umeijua nyumba yangu? Atanikatalia mbele za watu. Bora nifunge kwanza, akija akute limeshasimama.

Si ndivyo tunavyofanya?

Basi mafundi wa turubai wakaja, wakatafuta penye usawa, wakapata kiwanja kitupu pembeni ya barabara, mahali palipobomolewa nyumba zamani, wakaanza kuunga vyuma vya jukwaa. Mtoto amekalishwa kwenye mkeka palepale. Watoto wa kwaya nao wamewahi, mbao zimelazwa tu hazijafungwa, wao wameshapanda wanajaribu mapambio. Mara mama anainua macho, anaona mwanamke aliyejitanda kanga nyeusi anakuja mbio. Mjumbe.

"Nani kawaambia mfunge hapa?"

Mafundi wakamtazama mama. Mama akatazama ndala zake.

"Shusheni hao watoto. Wote! Halafu ng'oeni hilo jukwaa."

Fundi mmoja akajaribu kubembeleza. "Mama mjumbe, tuna kipaimara kule juu kinatungoja. Utatuua."

"Nikikuua mimi angalau utapata mazishi. Ng'oa!"

Watoto wakashuka. Mama machozi yakamtoka, akaona ndiyo hii sasa, ule msiba unalipwa leo. Akasema, "Mama, nihukumu mimi, usiwahukumu watoto. Najua sikuja kwako. Najua! Lakini hii ni shukrani ya mtoto, nakuomba sana, nimeshaloweka na mchele..."

Mjumbe akamgeukia fundi. "Una mtaimbo? Piga hapo, katikati ya jukwaa."

Fundi akapiga. Mara ya kwanza udongo ukalia kama ngoma. Akapiga tena, mtaimbo ukapenya, ukamponyoka mikononi, ukazama wote, na wote waliosimama pale wakasikia huko chini: chubwi!

"Choo cha nyumba ya zamani," mjumbe akasema. "Walifunika kwa mbao, wakamwaga kifusi juu. Ndiyo maana nataka muulize kwanza."

Na kwaya ya watoto ilikuwa juu yake, inaruka.

Mama akakimbilia mkeka, akamnyakua mtoto, akamkumbatia mpaka mtoto akalia. Hata asante haikutoka. Kilichotoka ni hiki: "Niliogopa kuja, mama. Nilijua utanikatalia."

"Nani alikwambia?"

Mama akamfuta mtoto machozi.

"Nakuuliza, binti yangu. Nani alikwambia nitakukatalia? Mimi? Wewe una kichanga haijulikani kinakaa au kinakwenda, halafu mimi nikae nakuwekea kinyongo kwa ajili ya msiba? Watu wakija kunipa pole nilikuwa nawauliza, hebu niambieni, yule mtoto wa kule bado anapumua?" Akanyoosha mikono. "Nipe huyo. Lo! Mzito hivi! Unamlisha nini, zege?"

Akampakata, akawageukia mafundi. "Na nyie mnanitazama nini? Bebeni vyuma vyenu mlete uani kwangu, kuna nafasi ya kutosha. Pale mara ya mwisho palifungwa turubai la kilio. Nataka nisikie watoto wanaimba pale."

Sasa tuje kwetu sisi.

Yule mama alinyimwa ruhusa, lakini aliyemnyima ni nani? Alijinyima mwenyewe, kitandani kwake, kwa sauti ya mjumbe aliyoitunga kichwani. Na sisi je? Ni mangapi hatujampelekea Mungu kwa sababu tumeshamjibia? Tunasema, atanikumbusha yale niliyofanya, ataniuliza nilikuwa wapi siku zote. Hatumwendei. Tunafunga turubai letu wenyewe, ndoa yetu, biashara yetu, safari yetu, na akigusa nguzo moja tu tunalia kwamba analipiza.

Sisemi kwamba kila kilichong'olewa maishani mwako chini yake palikuwa na shimo. Mengine mimi sijui, na nisiwadanganye. Lakini tazameni alikuja vipi yule mwanamke: mbio, na kanga yake ya msiba. Mwenye kisasi angebaki nyumbani. Angengoja tu mpaka kwaya ianze.

Kwa hiyo wewe dada uliyekaa kule nyuma karibu na mlango, unayegeuza njia kila ukitaka kuomba, shusha pumzi. Mungu unayemkimbia ameshaulizia habari zako kwa watu, anataka kujua kama bado unapumua. Hujakataliwa. Hujauliza tu. Nenda leo, hivyohivyo ulivyo na aibu yako, kamwombe.