Maji Yaliyotoka kwa Gwakisa

Hii nimeletewa na shemeji yangu, naye hakusema ameipata wapi. Isome mpaka mwisho ndipo uamue wa kumpelekea. Ukimpata haraka sana, jiulize kwa nini.

Palikuwa na mfugaji mmoja huko Rungwe, kwenye milima ambako mvua haijui likizo. Jina lake Anyosisye, lakini wengi walimwita Baba Lugano. Alikuwa wa kwanza kijijini kuezeka bati, wa kwanza kufuga ng'ombe wa kisasa, na wa kwanza kuvutiwa kiti kwenye kila harusi na kila msiba. Hakuwa mtu mbaya. Alizoea tu kuwa wa kwanza, na mazoea hayo yana sumu yake.

Jirani yake wa juu kidogo mlimani aliitwa Gwakisa, fundi wa baiskeli na redio. Walikuwa rika moja, walichunga pamoja wakiwa wadogo. Gwakisa alikuwa na kaptula moja ya kazi ambayo viraka vilikuwa vingi kuliko kitambaa. Anyosisye alimpenda sana. Ilikuwa rahisi kumpenda, maana Gwakisa hakuwa na kitu.

Basi Gwakisa akaanza kuhangaika na mto. Akajenga ukuta mdogo wa mawe kule juu kukinga maji, akayaingiza kwenye bomba, akalishusha bomba mteremkoni hadi kwenye kibanda cha mbao. Ndani ya kibanda maji yanapiga gurudumu, gurudumu linazungusha mashine, kisha maji yanatokea upande wa pili na kurudi mtoni. Miaka miwili alifanya kazi hiyo. Watu walimcheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni Anyosisye.

Jumamosi moja, jua lilipokuwa linazama, nyumba kumi na nane zikawaka taa kwa mpigo mmoja.

Na zahanati ikawaka. Nesi Lusajo, ambaye kwa miaka yote alikuwa akizalisha akina mama huku ameuma tochi kwa meno, alitoka nje akasimama uwanjani akalia. Watu wakambeba Gwakisa juu juu, na ile kaptula yake ya viraka. Anyosisye naye alipiga makofi, lakini viganja vyake vilikuwa vizito, na alipofika nyumbani hakula.

Siku ya pili Gwakisa akaja kwake, uso umejaa furaha.

"Ndugu yangu," akasema, "nguzo zinapita mlangoni kwako. Nikuwekee taa ngapi? Wewe huchangii hata nguvu, tumetoka mbali."

"Koroboi yangu haijanikosea kitu," Anyosisye akajibu.

"Lakini mama watoto..."

"Mke wangu nimemwoa mimi, Gwakisa."

Gwakisa akaondoka ameinamisha kichwa. Hakuelewa. Mwenye heri mara nyingi haelewi kwamba heri yake inamchoma mtu.

Tangu siku hiyo Anyosisye hakuwa na raha. Wivu ulimkaa kifuani kama kipande cha ndizi mbichi kisichoshuka. Akipita njiani watu wanamwamkia kwa heshima ile ile, halafu wanamuuliza, "Unapanda kwa Gwakisa?" Kwenye ubatizo wa mtoto wa katibu wa kijiji, kiti cha mbele alikalia Gwakisa. Anyosisye alipewa kiti cha pili. Kilikuwa kiti kizuri, chenye mto, lakini yeye alikikalia kama kina miiba. Na kila jioni alitoa kigoda chake mlangoni, akaketi, akatazama zile taa mlimani moja baada ya nyingine mpaka zote kumi na nane ziishe, kana kwamba anatafuta moja iliyokufa.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Ni kweli, lakini hasidi hachoki kuitafuta. Anyosisye akaipata mwezi wa saba.

Alikuwa na ng'ombe mmoja aliyempenda kuliko wote, aliyeitwa Malkia. Malkia alikuwa akitoa lita kumi na nne kwa siku. Mwezi huo akashuka hadi kumi, kisha tisa. Ukweli ni kwamba baridi ilikuwa kali na pumba zilikuwa zimepungua horini. Anyosisye alilijua hilo vizuri, lakini asubuhi moja, amesimama kwenye kituo cha kukusanya maziwa, akatazama mashine ya kutenga krimu.

Mnaijua ile mashine. Unamimina maziwa mazito kwa juu, inazunguka, upande huu inatoka krimu, upande ule yanatoka maziwa mepesi ambayo hata paka huyafikiria mara mbili.

Anyosisye akapiga paja. "Ndiyo maana!"

Maji yanaingia kwa Gwakisa yakiwa mazima. Mashine inazunguka. Umeme, ambao ndio krimu ya maji, unaenda kwa watu. Na yanayoteremka kwake, kwa Malkia, ni makapi! Hesabu hiyo ilimfurahisha kuliko kitu chochote alichokiona mwaka ule. Sasa alikuwa na haki ya kukasirika.

Akarudi nyumbani mbio.

"Mama Lugano!" akamwita mkewe, Tusekile. "Kuanzia leo hakuna tone la mto wa hapa chini litakaloingia nyumba hii. Maji ya ng'ombe na ya kupikia yatatoka juu, kule kabla ya ukuta wa Gwakisa."

Tusekile akaangalia mlima. Ulikuwa mlima wa kupanda ukiwa umeshika majani.

"Ndoo ngapi, Baba Lugano?"

"Sita kwa siku zinatosha."

"Na wewe utabeba ngapi?"

"Magoti yangu unayajua," akasema mumewe.

Tusekile akachukua ndoo. Siku ya kumi Malkia akapanda hadi lita kumi na mbili. Siku ya ishirini akafika kumi na sita. Baridi ilikuwa imelegea na pumba mpya zimefika, lakini nani alikuwa na muda wa kufikiria pumba? Anyosisye alipita nyumba kwa nyumba akitangaza.

"Maji mazima hayo! Muulizeni Malkia!"

Uvumi hauhitaji nguzo wala nyaya. Mara mama mmoja akasema chai yake siku hizi haikolei. Mwingine akasema maharage yanakataa kuiva. Mzee mmoja wa miaka themanini akasema tangu mtambo uanze magoti yanamuuma. Wenye mashamba ya chini, ambao hawakuwa wamefikiwa na taa, ndio waliosema kwa sauti zaidi. Baada ya miezi mitatu ikabidi uitishwe mkutano wa kijiji, na ajenda ilikuwa moja tu: mtambo wa Gwakisa ufungwe au usifungwe.

Anyosisye alikuja na Malkia mwenyewe. Alikuwa amemwosha mpaka anang'aa, akamfunga kwenye nguzo ya bendera mbele ya ofisi ya kijiji. Kisha akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu taa ziwake, macho yote yalikuwa kwake. Lo, ilikuwa tamu!

"Ndugu zangu, sina ugomvi na mtu," akaanza, jambo ambalo husemwa na kila mwenye ugomvi. "Nasema kuhusu maji. Maziwa yakishatolewa krimu, mnaweza kuyaita maziwa? Huyu Malkia alikunywa maji yaliyopita kwa Gwakisa, akashuka hadi lita tisa. Nikampa maji ya juu, ametoa kumi na sita. Mimi si msomi, lakini ng'ombe hasemi uongo!"

Watu wakaguna. Mzee wa magoti akasema, "Kweli kabisa!"

Gwakisa akainuka, akifuta grisi kwenye kaptula. Alikuwa hodari kwa mikono, si kwa maneno.

"Maji hayatolewi kitu," akasema. "Yanasukuma gurudumu, yanaendelea na safari yake. Ikiingia ndoo, inatoka ndoo. Mtu akisukuma mlango akapita, amepungua nini?"

"Amepungua nguvu!" Anyosisye akadakia, na watu wakacheka upande wake.

Nesi Lusajo akasimama. "Wiki hii nina akina mama wawili wanaotarajia. Mkiufunga, nitarudi kwenye tochi. Mwaka juzi tochi ilinizimikia katikati, na mnajua tulimzika nani. Sina lingine."

Anyosisye akamtazama Gwakisa, akamwona anafuta kwenye kaptula grisi ambayo haipo tena, na moyoni akahisi kitu ambacho angeona aibu kukitaja. Alihisi furaha.

Mwenyekiti wa kijiji, Bi Atuganile, alikuwa mwanamke asiye na haraka. Kabla ya kuita mikono akauliza, "Baba Lugano, hayo maji ya juu anayateka nani?"

"Mke wangu. Kila siku, ndoo sita, bila kukosa."

"Basi tumsikie aliyeyabeba. Mama Lugano, simama."

Tusekile akasimama kule nyuma walikokaa wanawake. Anyosisye akatabasamu, akamkazia macho kumtia moyo. Tusekile hakumtazama. Alimtazama Nesi Lusajo.

"Wazee wangu mnisamehe," akasema. "Nilipanda siku sita."

"Siku sita za wiki?" Bi Atuganile akauliza.

"Siku sita, basi. Ya saba niliteleza kwenye utelezi kule juu, nikaanguka, ndoo ikapasuka. Tangu siku hiyo mpaka leo asubuhi nateka pale pale maji yanapotokea kwenye kibanda cha Gwakisa. Pana jiwe zuri la kukanyaga."



"Yaani Malkia..." akasema Bi Atuganile.

"Lita zote kumi na sita ni za maji ya mtambo. Na chai aliyokunywa mume wangu asubuhi, akasema hii ndiyo chai, ni ya maji hayo hayo."

Kicheko kilichopasuka pale, nasikia kilifika kijiji cha pili. Hata mzee wa magoti alicheka mpaka akainuka bila fimbo. Bi Atuganile alipoita mikono ya kufunga mtambo, haukunyooshwa hata mmoja.

Anyosisye akamfungua Malkia, akamwongoza kurudi nyumbani. Tusekile akafuata nyuma. Walipofika, mume akaketi kwenye kigoda chake, lakini safari hii hakugeukia mlimani.

"Umeniaibisha mbele ya kijiji kizima," akasema.

"Nimekuaibisha," Tusekile akakubali.

"Kwa nini hukuniambia mapema, tukiwa wawili?"

"Ningekuambia lini, Baba Lugano? Mchana ulikuwa kwa watu ukihubiri maji. Jioni umeipa nyumba mgongo, unahesabu taa za wenzako."

Akavuta blauzi kidogo begani. Pale kwenye mfupa palikuwa na kovu refu la kidonda kilichopona vibaya, na mkono wa upande huo haukuinuka kupita sikio.

"Nilianguka na ndoo," akasema. "Miezi mitatu nafua kwa mkono mmoja. Wewe Malkia akipungua lita moja unajua siku hiyo hiyo."

Anyosisye alitazama lile kovu. Alikuwa anajua idadi ya taa za mlimani, anajua ni nani aliyekalia kiti cha mbele kwenye ubatizo, anajua hata siku aliyopewa kiti cha pili. Bega la mkewe hakulijua. Akafunika uso kwa mikono, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Asubuhi yake, Tusekile alipoamka hakuikuta ndoo.

Anyosisye alikuwa amesimama kwenye lile jiwe, nyuma ya kibanda cha mtambo. Wanawake waliokuja kuteka walisogea pembeni wakimtazama, maana mwanamume wa umri wake, mwenye bati na ng'ombe wa kisasa, na ndoo ya maji? Yeye akaikinga ndoo pale maji yanapotokea. Maji yalikuja na nguvu zao zote, yakamlowesha hadi mapajani. Ndoo ikajaa mara moja, ikamwagika.

Akaishika masikio, akajaribu kuinua. Aliyewahi kubeba maji anajua: ndoo iliyojaa huwezi kuiweka kichwani peke yako. Ni lazima mtu akutwishe.

Gwakisa alikuwa mlangoni mwa kibanda na spana mkononi. Hakusogea. Wanawake nao hawakusogea, kwa makusudi kabisa.

Anyosisye akaitazama ndoo miguuni pake. Kisha akainua macho.

"Gwakisa," akasema. "Nitwishe."

Gwakisa akaweka spana chini, akafuta mikono kwenye viraka vyake, akaja. Wakainama pamoja, wakainua pamoja.

Funzo: Neema iliyopita kwa jirani yako haijapungua hata tone inapofika kwako. Ukiikataa kwa wivu, jirani hataumia; atakayeumia ni yule wa nyumbani mwako anayekubebea mzigo wa wivu wako.