Kipanya Cheupe cha Mama Furaha

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme, zamani za juzi hizi tu, alikuwapo pale Usa River dereva mmoja jina lake Aminiel. Miaka thelathini aliendesha watalii. Aliwapeleka mbugani, akawapigia mahema, akawaonyesha nyumbu wanavyozaa mwezi wa pili, uwanda mzima umejaa ndama. Na miaka hiyo yote thelathini mkewe, Anansia, alibaki nyumbani akisikia habari. "Safari ijayo, Mama Furaha," Aminiel alikuwa akimwambia. Ijayo ikabaki kuwa ijayo mpaka akastaafu.

Mwaka ule aliostaafu, daktari akamkuta Anansia na presha ya macho. Akasema kuona kwake kutapungua kidogo kidogo, na kilichopotea hakirudi. Hapo Aminiel akashtuka kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. Akashika kiinua mgongo chake, akasema, "Nanunua gari lililotumika, nalitia kitanda na jiko, nakupeleka ukawaone nyumbu kabla macho hayajafunga."

Wakaenda yadi ya magari watatu: Aminiel, Anansia, na Fundi Mbwambo, ambaye Aminiel mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika spana. Kwa pesa waliyokuwa nayo walipata kuchagua kati ya vipanya viwili, vile vibasi vidogo vya abiria. Kimoja kijivu, mlango umebonyea, kilikuwa kikisambaza mikate na kilinuka hamira. Kingine cheupe, kinang'aa, viti vya mbele vimevikwa kitambaa kipya. Nyie mngechukua kipi? Haya, semeni kimoyomoyo, msinikatishe.

Fundi akaingia uvunguni mwa kile cheupe. Anansia akakizunguka polepole, kiganja kikipita juu ya bati. Aminiel akakaa kwenye usukani, akawasha, akafumba macho kusikiliza. "Injini hii ni safi!" akasema. Fundi hajatoka hata uvunguni, mzee ameshampa mwenye yadi mkono. Na kwao, mtu mzima akishatoa mkono ametoa. Mdogo hamwambii aurudishe.

Fundi akatoka na vumbi la kutu kwenye nyusi. Akaitazama ile mikono miwili iliyoshikana. "Mzee," akasema, "gari linafaa. Ila huku chini patataka kuchomelewa kidogo."

Aminiel alisikia "linafaa." Lile la pili halikumwingia.

"Mama Furaha, unalionaje?"

"Zuri," akajibu Anansia, akaondoa kiganja kwenye bati.

Basi Aminiel akaanza kuchonga. Alichonga kitanda, akakivunja kwa sababu kilikuwa kinalia mtu akigeuka. Akachonga kingine. Akatia kabati, akatia tangi la maji, akatia mapazia ya kitenge. Anansia alimletea chai huku akipapasa ukuta, na Aminiel akadhani ni uzee. "Bado naona vizuri, Baba Furaha," mkewe alimwambia. "Fanya kazi yako taratibu." Naye akaifanya taratibu, Mungu amsamehe.

Mwezi wa pili ulipofika waliondoka wakiimba. Hawakufika. Kwenye barabara ya mawe, bado kitambo kabla ya geti la mbuga, sakafu ilipasuka, chasisi ikakatika, tangi na kitanda vikashuka chini. Hakuna aliyeumia. Walivutwa na trekta mpaka nyumbani, na chuma kilipopatikana na kuchomelewa, nyumbu walikuwa wameshahama. Ikabidi wangoje mwaka mzima.

Mwaka uliofuata walifika. Asubuhi Aminiel akafungua mlango wa nyuma, na uwanda ulikuwa umejaa: nyumbu huku, nyumbu kule, ndama mmoja anajaribu miguu yake hapo hapo karibu na gurudumu. Anansia alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza upande ambako hapakuwa na kitu.

"Niambie, Baba Furaha."

Mtu huyu aliyewasimulia wageni miaka thelathini alipata maneno mawili tu. "Wapo wengi," akasema. Halafu akalia, na hakujificha.

Waliporudi, Fundi Mbwambo alikuja kusalimia, wakakaa watatu ndani ya kipanya, mlango wazi. Aminiel akasema, "Kosa ni langu. Nilitoa mkono kabla sijaambiwa. Nikakaa kuremba kitanda, miezi inakwenda. Na kabla ya hapo, miaka thelathini."

"Hapana, Mzee," akasema fundi. "Kosa ni langu. Niliiona ile chasisi imeliwa na kutu, kidole kilizama. Lakini ningesema wazi, ungeonekana hujui gari mbele ya watu, na wewe ndiye uliyenifundisha. Nikasema 'kidogo'. Haikuwa kidogo."

Anansia akainua kiganja. Kisha akasema, "Nyamazeni wote. Mimi nililijua gari lile kabla yenu. Kiganja changu kiliona puti chini ya rangi, ule udongo wa kuzibia kutu, bati limetiwa viraka toka mlangoni mpaka taa ya nyuma. Ningesema, mngeniuliza kwa nini napapasa badala ya kutazama. Macho yalikuwa yameshakwenda zaidi kuliko nilivyowaambia. Wewe, Baba Furaha, ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tuoane. Sikutaka kuizima."

Aminiel akaushika ule mkono wa mkewe. Laiti ungesema, alitaka kumwambia. Laiti ningeuliza.

"Basi amueni ni nani," akasema Anansia, "nimsamehe leo, tulale. Na mkiona ni mimi, mniambie nani atanisamehe."

Wakaagana bila kuamua. Kipanya kipo mpaka leo, kitanda hakilii mtu akigeuka. Sasa nawauliza nyie mliokaa hapa na macho yenu mazima: kati ya aliyeharakisha mkono, aliyepunguza neno na aliyeficha giza lake, nani alistahili kulibeba kosa lile, na nani alistahili kusamehewa kwanza?